Ujirani wa Lugha si Udugu

Mwanafunzi mmoja wa hapa Osiri aliniuliza iwapo Kijaluo na Kisuba ni ndugu, maadamu wasemaji wake wameoana na huvua ziwa moja. Nilimjibu kwamba ujirani si udugu. Kijaluo ni cha jamii ya Kinailoti, na wingi wake hujitokeza mwishoni mwa neno: got, yaani mlima, huwa gode, kidi, yaani jiwe, huwa kite. Kisuba ni cha Kibantu. Wingi hutangulia: Omusuba, Abasuba, kama Mswahili na Waswahili.

Hata hivyo, kisiwani Rusinga watoto wa Abasuba hukua wakisema Kijaluo. Simlaumu Mjaluo. Ila, walimu wenzangu, tunapokitukuza Kiswahili darasani, tukumbuke kuwa nduguye yu taabani papa hapa ziwani.