Utambuzi wa kasoro za RAM wakati wa kukompaili mfumo wa uendeshaji

Utambuzi wa kasoro za RAM ni kazi ya kujua kama kumbukumbu ya muda ya kompyuta (RAM) imeharibika na, kama imeharibika, ni kipande kipi. Mara nyingi kasoro hiyo hujitokeza kwanza pale mtu anapokompaili mfumo wa uendeshaji kama Linux au FreeBSD, yaani anapogeuza msimbo chanzo kuwa programu ambayo prosesa inaweza kuitekeleza. Ujuzi huu una faida kubwa zaidi mahali palipo mbali na maduka ya vipuri, kwa mfano Karatu na Ngorongoro katika Mkoa wa Arusha, Tanzania.

Sababu ya kasoro kujitokeza

RAM huhifadhi data kwa biti, kila biti ikiwa 0 au 1. Kipande kibovu huweza kubadilisha biti moja tu kati ya mabilioni. Katika video, biti hiyo hubadilisha rangi ya nukta moja na mtazamaji haoni kitu. Kompaila kama GCC ni tofauti: hujaza RAM kwa anwani zinazoelekeza sehemu nyingine za RAM. Anwani moja ikiharibika, kompaila hujaribu kuingia mahali isiporuhusiwa, na mfumo huisimamisha kwa ishara namba 11. Kwenye kompyuta ya zamani kazi hii huchukua saa nyingi, hivyo hata kasoro ndogo hupata nafasi ya kuonekana.

Hatari kubwa zaidi ni kosa lisilosimamisha kitu. Biti iliyobadilika huweza kuandikwa ndani ya programu mpya au kwenye diski, na madhara yake yakaonekana baada ya wiki kadhaa.

Dalili

Swali la kwanza ni kama kosa linarudi mahali palepale.

* Likitokea kila mara kwenye faili lilelile na mstari uleule, sababu huwa ni msimbo wenyewe, kompaila au maktaba iliyokosekana.
* Likihama kutoka faili moja hadi jingine, au kazi ikiendelea vizuri baada ya kutoa amri ileile tena, vifaa ndivyo vya kushukiwa: RAM, prosesa yenye joto kali au umeme usiotulia.
* Kompaila ikiuawa kwa ishara namba 9, kwa kawaida RAM si mbovu bali haitoshi. Dawa yake ni kupunguza kazi zinazofanywa kwa pamoja, mfano kwa amri make -j1.

Baadhi ya matoleo ya GCC hurudia kazi yenyewe baada ya kuanguka. Kosa lisiporudi, hutoa taarifa kwamba tatizo huenda ni la vifaa au la mfumo wa uendeshaji.

Hatua za upimaji

Kwanza kazi ya kukompaili husimamishwa ili data mbovu isiendelee kuandikwa kwenye diski. Kisha kompyuta huwashwa kwa programu ya kupimia RAM. Memtest86 iliandikwa na Chris Brady mwaka 1994, na Memtest86+ ya Samuel Demeulemeester ilitokana nayo mwaka 2004. Programu hizi huanza kabla ya mfumo wa uendeshaji, huandika ruwaza mbalimbali kwenye RAM, huzisoma tena na kutaja anwani yenye kosa. Upimaji huachwa uzunguke mara kadhaa, hata usiku kucha. Kosa moja linatosha kuonyesha hitilafu, lakini kutoonekana kwa kosa si uthibitisho kamili wa uzima.

Kompyuta ikiwa na vipande viwili, huzimwa, huchomolewa umeme na kila kipande hupimwa peke yake kwenye nafasi ileile. Kosa likifuata kipande, kipande ni kibovu. Likibaki kwenye nafasi, ubao mama ndio wa kushukiwa. Kabla ya kununua kipya, miguu ya shaba husafishwa vumbi, na kipande hurudishwa hadi kikae imara.

Baada ya kutengeneza, kila kilichokompailiwa hufutwa na kazi huanza upya. Faili za msimbo chanzo nazo huhakikiwa kwa amri kama sha256sum. Ikiwa RAM imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao na haiondoki, kigezo memmap cha kerneli ya Linux huweza kuzuia eneo bovu lisitumike.

Mazingira ya Karatu na Ngorongoro

Mji wa Karatu uko takriban kilomita 140 kutoka Arusha kwa barabara ya Makuyuni na Mto wa Mbu. Mtu anayefuata kipuri Arusha bila kupima anaweza kurudi na kitu kisichofaa: RAM ya DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, na ya kompyuta ya mezani haiingii kwenye kompyuta mpakato.

Vumbi jekundu la kiangazi huziba feni na kuongeza joto. Ukingo wa Kreta ya Ngorongoro una kimo cha zaidi ya mita 2,200, na huko shinikizo la hewa ni takriban robo tatu ya lile la pwani, hivyo feni hupoza kwa nguvu ndogo zaidi. Umeme ukikatika, upimaji huanza upya, isipokuwa kompyuta ina betri au UPS.

Miali kutoka anga za juu pia hugeuza biti, na huongezeka kadiri kimo kinavyopanda, ingawa karibu na ikweta uga wa sumaku wa dunia huipunguza. Kosa la aina hiyo halirudi kwenye anwani ileile. Utafiti uliofanywa kwenye seva za Google na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba makosa mengi ya RAM hutokana na uharibifu wa kudumu wa vifaa. Kwa hiyo anwani inayojirudia katika upimaji ni sababu tosha ya kubadilisha kipande.