Saa ya mpira wa mkojo haingoji foleni ya forodha
Mfanyabiashara wa Busia au Namanga aliyeacha nyumbani mtoto mwenye mgongo wazi huhesabu saa kuliko magunia. Mara nyingi mtoto huyo hahisi kibofu kikijaa. Kila baada ya saa 3 au 4 mchana, mlezi hunawa kwa sabuni, hupitisha mpira mwembamba kwenye njia ya mkojo, kibofu kikiisha huutoa. Mkojo ukizoea kubaki, hupanda juu na kuharibu figo kimyakimya. Choo kikubwa kina nafuu: hukalishwa chooni mara moja kwa siku, saa ileile, baada ya chakula.

Lori likikwama mpakani, nani atamtoa mkojo? Muuguzi afundishe watu wawili nyumbani, baba akiwemo. Si kazi ya wanawake peke yao. Wakifika umri wa shule, watoto wengi hujifunza kujitoa wenyewe.