USALAMA WA MABWAWA YA UDONGO: WAJIBU WA MWENYE BWAWA NA JIRANI ZAKE

Usiku wa tarehe 9 Mei, 2018, katikati ya mvua za masika, tuta la bwawa la shamba la mtu binafsi lilibomoka huko Solai, Kaunti ya Nakuru, nchini Kenya. Maji yaliteremka kwa kasi na kuvikumba vijiji vilivyokuwa upande wa chini. Zaidi ya watu 40 walipoteza maisha, watoto wakiwemo, na familia nyingi ziliachwa bila ya makaazi. Bwawa lilikuwa mali ya shamba, lakini walioangamia walikuwa ni watu wa vijijini.

Msiba huo ni funzo kwa kila mwananchi aliyejenga, au anayekusudia kujenga, bwawa la udongo kwa ajili ya kumwagilia mboga, kunyweshea mifugo au kufugia samaki. Mabwawa ya namna hii ni neema kubwa wakati wa kiangazi. Hata hivyo, inafaa ieleweke kwamba udogo wa bwawa si dhamana ya usalama wake. Bwawa lenye urefu wa mita 50, upana wa mita 40 na kina cha wastani cha mita 2 hubeba meta za ujazo 4,000, na kila meta moja ya ujazo ina uzito wa tani moja. Mzigo huo wa tani 4,000 ni sawa na magari 800 ya tani tano tano, nao wote umezuiliwa na udongo uliorundikwa na kushindiliwa kwa kazi ya mikono ya watu.

MAJI KUPITA JUU YA TUTA

Tuta la udongo limejengwa kuzuia maji. Halikujengwa ili maji yapite juu yake. Maji yanapofurika na kuvuka mgongo wa tuta, huanza kuchimba upande wa nje. Mfereji mdogo huwa mkubwa, na katika muda mfupi tuta zima linaweza kukatika. Kwa sababu hiyo kila bwawa la udongo ni lazima liwe na utoro, yaani njia maalumu ya kutolea maji ya ziada. Utoro huchimbwa pembeni, kwenye ardhi ya asili iliyo ngumu, na sakafu yake huwa chini ya mgongo wa tuta ili maji ya mvua kubwa yapate pa kutokea kabla ya kulivuka tuta.

Hasara ya kupuuza utoro ilidhihirika katika kisiwa cha Kauai, jimbo la Hawaii, nchini Marekani. Bwawa la Ka Loko lilijengwa huko mnamo mwaka 1890 kwa ajili ya mashamba ya miwa, na baadaye likawa mikononi mwa watu binafsi. Alfajiri ya tarehe 14 Machi, 2006, baada ya mvua za wiki kadhaa, tuta lake lilibomoka na watu saba wakafariki. Uchunguzi uliofanywa kwa niaba ya jimbo ulieleza kuwa yaelekea utoro ulikuwa umefukiwa, na kwamba ukaguzi wa serikali nao haukuwa wa kutosha. Mwaka 2007 jimbo hilo lilipitisha sheria mpya ya usalama wa mabwawa. Bwawa lililokuwa limesimama kwa zaidi ya miaka 100 liliangushwa na mvua za msimu mmoja.

Kwa hivyo wenye mabwawa wanakumbushwa kutoziba utoro kwa udongo, magunia au mbao kwa nia ya kuhifadhi maji mengi zaidi. Anayeweka wavu wa kuzuia samaki wasitoroke ahakikishe kuwa wavu huo hauzibwi na majani na matawi, kwani utoro uliozibwa na takataka ni sawa na kutokuwa na utoro.

MAJI KUPENYA NDANI YA TUTA

Sababu ya pili ya kubomoka haionekani kwa macho mapema. Hakuna tuta la udongo lisilopitisha unyevu hata kidogo, na unyevu mdogo wenye maji maangavu si jambo la kutisha. Hatari huanza pale maji yanayopenya yanapochukua chembe za udongo na kutoka nazo. Tundu dogo hupanuka taratibu kutoka nje kuelekea ndani, mpaka likafika kwenye bwawa lenyewe. Alama yake kuu ni maji yenye tope yanayotoka upande wa nje wa tuta au chini yake.

Njia za maji hayo mara nyingi huanzishwa na uzembe. Udongo uliomwagwa kwa wingi bila ya kushindiliwa huacha mianya ndani yake. Miti iliyoota juu ya tuta hupeleka mizizi ndani, na mti ukifa mizizi huoza na kuacha mashimo. Panya, kaa na kenge huchimba mapango yao humo, na mchwa hufanya vivyo hivyo. Mahali pa hatari zaidi ni pale bomba linapopita ndani ya tuta, kwa kuwa maji hupenda kufuata ubavu wa bomba iwapo udongo unaolizunguka haukushindiliwa vyema.

UJENZI NA MATUNZO

Anayejenga bwawa jipya atafute ushauri wa mhandisi au mtaalamu wa umwagiliaji kabla ya kukata ardhi. Udongo wa juu wenye mizizi na majani uondolewe kwanza. Udongo unaofaa ni ule wenye mfinyanzi wa kutosha. Mchanga mtupu haufai. Uwekwe kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, na kila tabaka ishindiliwe ingali na unyevu kabla ya kuwekwa nyingine.

Kwa bwawa lililokwisha kujengwa, matunzo yafuatayo ni ya lazima:

(a) Tuta lioteshwe nyasi fupi zinazotambaa, na zikatwe mara kwa mara ili nyufa na mashimo yaonekane. Miche ya miti ing'olewe ingali midogo. Mti uliokwisha kuwa mkubwa usikatwe wala kung'olewa bila ya ushauri wa mtaalamu.

(b) Mifugo isipitishwe juu ya tuta, kwani nyayo zake hufanya mifereji. Ng'ombe watengewe mahali pengine pa kunywea.

(c) Mgongo wa tuta uliotitia ujazwe udongo na kushindiliwa, ili usibaki na bonde ambalo maji yatalipitia kwanza.

(d) Mashimo ya wanyama yachimbuliwe hadi mwisho wake na kujazwa udongo wenye mfinyanzi. Kuziba mdomo wa shimo peke yake hakutoshi.

(e) Maji ya bwawa yasitolewe yote kwa ghafla. Udongo wa upande wa ndani huwa umelowa, na maji yakiondoka haraka huweza kuporomoka.

Ukaguzi ufanywe angalau mara mbili kwa mwaka: mwezi wa Februari kabla ya masika na mwezi wa Septemba kabla ya vuli. Aidha, mwenye bwawa alizunguke kwa miguu kila baada ya mvua kubwa, na aandike katika daftari usawa wa maji na mahali penye unyevu. Kumbukumbu hiyo ndiyo itakayomwonesha kama uvujaji umeongezeka.

DALILI ZA HATARI

Maji yenye tope yanayotoka kwenye tuta, uvujaji unaoongezeka ghafla, nyufa ndefu, sehemu ya tuta iliyoporomoka, au kizingia cha maji ndani ya bwawa karibu na tuta: kila moja kati ya hizi ni dalili ya hatari. Panapoonekana dalili hizo, jambo la kwanza ni kuwahamisha watu walio upande wa chini, usiku au mchana, bila ya kungoja uthibitisho. Jambo la pili ni kumwarifu sheha ili taarifa zifikishwe haraka kwa wahusika. Baada ya hapo, ikiwa pana usalama, maji yapunguzwe kwa pampu au kwa mpira wa kunyonyea.

Tundu linalotoa tope lisizibwe kwa mfinyanzi upande wa nje, kwani maji yaliyozuiwa hutafuta njia nyingine. Wataalamu hulifunika kwa mchanga, kisha changarawe, kisha mawe, ili maji yapite lakini udongo ubakie. Kazi hiyo isifanywe na mtu aliye peke yake, wala tuta likiwa tayari linaporomoka.

Wananchi wanaonunua viwanja au kujenga nyumba chini ya bwawa nao wanashauriwa kuulizia hali ya tuta na njia ya maji ya utoro, na kutojenga ndani ya njia hiyo hata kama huonekana kavu mwaka mzima. Mwenye bwawa kwa upande wake awajue jirani zake wote wa upande wa chini na kukubaliana nao namna ya kupeana habari wakati wa usiku. Faida ya maji humwendea mwenye shamba, lakini tuta likibomoka hasara yake huwafika kwanza walio chini. Ndiyo maana matunzo ya bwawa ni deni la mwenye nalo kwa jirani zake, na wakati wa kulilipa ni kabla ya mvua kuanza.