Je, wajua? Runx yenye injini iliyochaguliwa na Lotus, na vikorombwezo vinavyofaa kulipiwa Bunda

Toyota Runx ikipita Bunda mjini hakuna anayegeuza shingo. Ni gari la mwalimu, la mwenye duka la pembejeo, la anayewahi mazishi Kibara na kurudi jioni. Je, wajua kwamba kati ya Runx zilizotengenezwa Japani kuanzia 2001 hadi 2006 imo moja, Z Aero Tourer, yenye injini ya 2ZZ-GE, ambayo kampuni ya Lotus ya Uingereza iliichagua mwaka 2004 kwa gari lake la michezo, Elise 111R? Ujazo wake ni cc 1,795, haina tabo, na bado inatoa nguvu farasi 190 ikizunguka mara 7,600 kwa dakika. Toyota waliitengeneza kwa kushirikiana na Yamaha. Ndani ya kichwa cha injini kila silinda ina nundu za aina mbili za kusukuma valvu: fupi kwa mwendo wa kila siku, na ndefu ambazo huingia kazini mzunguko ukifika 6,000 hivi. Hapo gari hubadilika sauti na tabia kwa mara moja.

Magari ya namna hii, yaani hachibeki, madogo, ya mlango wa nyuma unaofunguka mpaka juu, lakini yenye injini kali, yalipata umaarufu mwaka 1976 Volkswagen walipotoa Golf GTI: nguvu farasi 110 kwenye mwili wa kilo 810 hivi. Walipanga kuunda 5,000 tu, lakini kizazi kile cha kwanza kilipita 460,000. Tangu hapo ukoo umekuwa mkubwa. Kuna Suzuki Swift Sport ya 2005, cc 1,600, nguvu farasi 125. Kuna Vitz RS, Fit RS na Civic Type R. Kwa Mtanzania hachibeki hizi zina faida ya usukani kuwa kulia, ziwe zimetoka Japani au Uingereza. Tena kwa miaka mingi ushuru wa bidhaa wa TRA umeweka magari ya cc 1,001 hadi 2,000 kwenye daraja moja, kwa hiyo Runx ya nguvu farasi 190 imehesabiwa kwa asilimia ileile ya Toyota IST. Kinachouma ni umri, kwa sababu magari ya zaidi ya miaka 10 huongezewa tozo yake.

Sasa mnunuzi amefika yadi Mwanza, au amempata mtu wa Musoma anayeuza namba D yake. "Kaka, hii ina nini zaidi?" Jibu analijua kila mtu: "Bosi wangu, hii fulu opsheni. Sanruufu ipo, navi ipo, rimu za 17, viti vya ngozi." Vyote hivyo vinaonekana kwa macho, na bei hupanda kwa kila kimoja. Mimi nasema bei ipande kwa vitu ambavyo gari lilizaliwa navyo na fundi hawezi kukuongezea baadaye. Hivyo muuzaji kwa kawaida havitaji kabisa.

Anza na karatasi ya mnada, kama gari limetoka Japani na karatasi yake ipo. Juu utakuta alama ya jumla: 4.5, 4, 3.5, au R kwa gari lililowahi kupata ajali likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni bati lililonyooshwa ambalo bado lina mawimbi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Halafu kuna visanduku vya vikorombwezo: SR ni sanruufu, AW ni rimu za aloi, na kuna vya navi, TV na ngozi. Soma mchoro kabla ya visanduku. XX kwenye mlango wa mbele, kwa mfano, ni sababu ya kumwomba fundi aangalie mifuko ya hewa ya pembeni kama ni ile iliyotoka kiwandani, kwa sababu mlango kwa kawaida haubadilishwi bila gari kugongwa.

Kwenye rimu nitakaa kidogo, maana ndizo zinazouza gari na ndizo zinazolitesa. Swift Sport ya 2005 ilitoka kiwandani na tairi za 195/50R16. Asilimia 50 ya milimita 195 ni ukuta wa tairi wa sentimita 9.8 hivi. Iliyofuata, ya 2011, ilivaa 195/45R17, na ukuta ukashuka hadi 8.8. IST yenye 185/65R15 ina sentimita 12. Ukuta huo ndio wa kwanza kupokea pigo la shimo, kabla ya rimu, bushi na shokapu. Lami ya Mwanza hadi Sirari ni nzuri kwa sehemu kubwa, ila kila kijiji kina matuta yake, na ukiacha lami kuelekea ndani ya wilaya unakutana na mawe na makorongo ya mvua. Rimu ya 17 ikipigwa ukingo wa shimo hupinda au hupasuka, na aloi iliyochomelewa haifai kurudi kwenye gari la kasi. Kwa hiyo ukikuta Swift mbili zinazofanana, moja ya inchi 16 na nyingine imevalishwa 17 au 18 za dukani, chukua ya 16 hata kama haipendezi pichani. Ukitaka kushuka zaidi hadi 15, jaribisha rimu kwanza: kalipa za breki za magari haya ni kubwa, na si kila rimu ya 15 inazipita. Lililoshushwa springi ili likae chini, liache lipite.

Taa nazo zina uzito wake. Balbu ya halojeni ya wati 55 hutoa mwanga wa lumeni 1,000 hadi 1,500. Taa ya zenoni ya kiwandani ya wati 35 hutoa karibu 3,000. Kati ya Bunda na Lamadi usiku kuna baiskeli zisizo na taa, ng'ombe waliochelewa kurudi, bodaboda zenye jicho moja, na pale lango la Ndabaka Hifadhi ya Serengeti inafika mpaka kando ya barabara. Hapo lumeni 1,500 za ziada si pambo. Lakini ziwe za kiwandani, zenye lenzi yake ya kukusanya mwanga. Zenoni za kununua na kuchomeka kwenye taa ya halojeni hutawanya mwanga na kumpofusha anayekuja. Kiko pia kitu ambacho wanunuzi wengi hawakiangalii: taa za Japani na Uingereza hunyanyua mwanga upande wa kushoto, kwenye ukingo wa barabara, kama tunavyohitaji. Za gari lililotengenezwa kwa ajili ya Ujerumani au Ufaransa hunyanyua kulia, moja kwa moja machoni mwa dereva wa mbele yako. Plastiki ya taa ikiwa imegeuka njano kwa jua, hiyo inang'arishwa, isikutishe.

Difu yenye kizuizi cha kuteleza ni kikorombwezo kisichoonekana kabisa, na kwangu kinashinda viti vya ngozi mara kumi. Difu ya kawaida, tairi moja ya mbele ikikanyaga tope, huiacha hiyo izunguke bure wakati mwenzake amesimama. Anayeijua ardhi nyeusi ya mbuga za pamba za Bunda baada ya mvua hahitaji maelezo zaidi. Chukua Civic Type R ya 2001, ile ya EP3. Za soko la Japani na za soko la Uingereza ziliundwa kiwanda kimoja, Swindon, Uingereza. Za Japani zilipewa nguvu farasi 215 na difu hiyo, huku za Uingereza zikipata 200 na difu ya kawaida. Bodi inafanana, usukani uko kulia kwa zote mbili, na kwenye tope tofauti yao ni kubwa. Uliza gari liliuzwa nchi gani mara ya kwanza.

Breki na mifuko ya hewa hupimwa kwa sekunde chache. Washa swichi bila kuwasha injini, uangalie dashibodi. Taa ya ABS na ya mifuko ya hewa lazima ziwake kwanza, kisha zizime. Isiyowaka kabisa inatia shaka zaidi kuliko inayobaki imewaka, kwa kuwa wapo wanaotoa balbu ili mteja asione kosa. Kama kuna chaguo, lipia lenye mifuko ya pembeni na ya pazia kwenye madirisha. Hakuna gereji Bunda, Mwanza wala Dar es Salaam itakayokuwekea baadaye.

Navi na TV usizilipie hata shilingi. Ramani ni ya Japani, kwa Kijapani, na baadhi hujifunga kadi ikitolewa. TV inapokea mfumo wa kidijitali usiotumika hapa. Redio zenyewe nyingi zinafika 90 tu, kwa sababu Japani FM ilianzia 76 ikaishia 90, wakati vituo vyetu vinasambaa mpaka 108. Utaweka ekspanda au redio nyingine. Sanruufu ina mirija minne midogo ya kushusha maji ya mvua, na vumbi la kiangazi huiziba. Ukiiona, inua zulia la mbele na uguse chini. Likiwa na unyevu, endelea na safari.

Kuna suala la mwinuko pia. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Bunda iko juu zaidi. Hewa hapa ni nyepesi, hivyo injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja kwa nane ya nguvu zake: zile farasi 190 za Runx zinakuwa kama 165, na 125 za Swift kama 110. Golf GTI yenye tabo hufidia sehemu kubwa ya pengo hilo. Ila Golf nyingi huja na giaboksi ya DSG ya klachi mbili, ambayo ile ya gia sita hudai oili yake maalumu kila kilomita 60,000, na fundi mwenye kompyuta ya kuisoma hayuko kila mji. Kwa mtu wa Bunda napendekeza gia ya mkono. Swift Sport ina faida nyingine: injini yake ya M16A ni ndugu ya ile ya Escudo ya cc 1,600, ingawa pistoni zake ni tofauti, kwa hiyo spea nyingi ndogo fundi anazijua.

Ukirudi kwa Runx Z, omba kuijaribu injini ikiwa imepata joto, kwa kuwa kompyuta huzuia zile nundu ndefu maji yakiwa baridi. Angalia oili kwanza. Kwenye yenye gia ya mkono, 6,000 ya gia ya kwanza hufika kabla ya kilomita 50 kwa saa, kwa hiyo hata tochi ya trafiki haina neno nawe. Sauti isipobadilika na oili iko sawa, mara nyingi ni boliti za ndani za kichwa cha injini, ambazo kwenye zile za miaka ya mwanzo zilijulikana kwa kukatika. Mwambie muuzaji mfuniko wa valvu ufunguliwe palepale fundi wako akiona, ndipo mkae kuzungumza bei.