Ua wa Ndani Unapopandishwa Ghorofani

Nyumba ya jadi ya ukanda wa Mediterania, iwe Córdoba au Tunis, huipa barabara kisogo. Ukuta wa nje una madirisha machache. Vyumba hutazama ua wa ndani, yaani uwazi usioezekwa uliozungukwa na kuta za nyumba yenyewe. Mtu wa Lamu hahitaji maelezo zaidi: uwazi huo yeye huuita kiwanda. Kabla ya kuupandisha ghorofani, tuulize kwanza hufanya kazi gani.

Kazi ya kwanza ni ya hewa. Usiku, mbingu ikiwa safi, sakafu na kuta za ua hutoa joto lake kuelekea juu. Hewa inayozigusa hupoa, na kwa kuwa hewa baridi ni nzito kuliko ya moto, hutuama chini kama maji kisimani, kisha hupenya vyumbani. Mchana kuta hutia kivuli, na unene wake huchelewesha joto lisifike ndani mpaka jioni. Mtambo huu usio na hata waya mmoja una masharti mawili: ua uwe na kina kikubwa ukilinganishwa na upana wake, na hewa iwe kavu. Palipo na unyevu na mawingu mengi, usiku hauondoi joto la kutosha.

Kazi ya pili ni ya sitara. Katika miji ya Afrika Kaskazini mlango mara nyingi hufungukia ujia unaopinda, hivyo mpita njia haoni ya ndani hata mlango ukiachwa wazi.

Ugumu huanza ardhi inapokuwa ghali. Kuweka nyumba juu ya nyumba ni suala la nguzo na zege. Kuweka ua juu ya ua ni suala jingine, kwa sababu ua wa chini hunyang'anywa mbingu yake.

Mfano ni Casablanca: iko upande wa Atlantiki, lakini nyumba zake za jadi ni za ukoo huu. Michel Écochard, aliyeongoza mipango miji ya Moroko chini ya Wafaransa kuanzia 1946 hadi 1952, alikuta humo mitaa ya mabanda iliyojaa watu waliotoka mashambani. Katika mtaa wa Carrières Centrales alipima viwanja vya mita 8 kwa 8, kila kimoja na vyumba viwili na ua, bila ghorofa. Jirani na viwanja hivyo, Georges Candilis na Shadrach Woods walisanifu majengo ya ghorofa, moja likiitwa Nid d'Abeille, sega la nyuki. Kila familia ilipata ua unaoning'inia, wenye kuta ndefu za kuzuia macho. Nyua zilipishana ghorofa kwa ghorofa, ili juu ya kila mmoja ibaki nafasi ya kupitisha mwanga.

Sitara, basi, ilipanda ngazi salama. Hewa haikupanda yote: ua unaoning'inia ukutani hauna kina cha kisima, na ubaridi wa usiku humwagikia nje.

Baadaye wakazi waliziba nyua hizo wakazifanya vyumba, na kwenye viwanja vya mita 8 wakaongeza ghorofa. Ukitazama picha za zamani na za sasa ni rahisi kuwalaumu. Lakini familia inakua, vyumba ni vichache, na ua tayari una kuta. Kinachokosekana ni paa na matofali machache. Hakuna chumba cha bei nafuu zaidi mjini.

Kwa maoni yangu wasanifu hawakukosea kuupandisha ua, walikosea hesabu ya vyumba. Ua wa familia moja hudumu pale tu vyumba vinapotosha. Visipotosha, afadhali ua mmoja wa pamoja chini, kama ule wa nyumba za wapangaji wengi za Córdoba: hakuna familia inayoweza kuuezeka peke yake. Huo nao una gharama yake, kwani anayefua uani humwona jirani, na jirani humwona yeye.