Ruta ikigoma baada ya kujisasisha
Mzazi, ruta imesasisha programu yake usiku, asubuhi intaneti hakuna na mtoto ana kazi ya shule. Usibonyeze kile kitufe kidogo cha nyuma: kinafuta mipangilio yote, hata ile ya kampuni ya intaneti.

Izime, subiri nusu dakika, iwashe, kisha ipe dakika tano. Taa ya intaneti isipowaka sawasawa, kagua nyaya, kisha pigia kampuni. Ikiwaka lakini simu haiungi, huenda nywila imerudi ile ya kwenye kibandiko chini ya ruta.

Intaneti ikirudi, usishangilie bado. Huenda kichujio ulichowawekea watoto kimefutika kimyakimya. Fungua ukurasa wa ruta, mara nyingi 192.168.1.1, uhakikishe kabla hujampa mtoto simu.