Fahamu: Maji yakishatoka ndani, nyumba bado imelowa

Mvua za El Nino za 2023/24 ziliacha tope sebuleni mwa watu wengi Kihonda, Morogoro. Kabla ya kushika ufagio, zima umeme kwenye swichi kuu. Ukilazimika kusimama majini kuifikia, usiiguse, waite shirika la umeme, TANESCO.

Vaa buti na glavu. Maji yaliyoingia ndani yamepita vyooni na kwenye mashimo ya panya, na mkojo wa panya ndio hueneza homa ya mgunda, ile iliyozuka Lindi mwaka 2022. Tope litolewe likiwa bichi. Osha kwa sabuni kwanza, ndipo upake klorini, kwa sababu klorini juu ya uchafu haifanyi kazi vizuri. Usiichanganye na dawa nyingine ya choo. Mvuke wa mchanganyiko huo ni sumu.

Godoro la sponji lililolowa litupwe, hata kama inauma.

Kuta ndizo zinazodanganya. Tofali la saruji hukauka juu huku ndani likibaki na maji kwa wiki kadhaa, na rangi ikipakwa mapema hubanduka na ukungu kurudi. Fungua madirisha, washa feni umeme ukishakaguliwa. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani kukaushia: gesi yake isiyoonekana inaua.